Bibi Yupi?

Wifi yangu Saadia ameangushwa na neno moja, tena neno ambalo hata mtoto wa chekechea kule kwetu Kisauni analijua. Nalisema mapema kwa sababu nina hasira, na nikiwa na hasira sijui kuzunguka.

Saadia ni mke wa kaka yangu Farhan. Wanaishi huku Marekani, Columbia Heights, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, na kwa miaka sita alifanya kazi katika ofisi moja ya kaunti, kaunta namba nne, ambako watu huomba bima ya afya na msaada wa chakula. Miaka sita ya kibarua. Kila Juni mkataba unaisha, kila Julai unaanza upya, na katikati yake anaambiwa yeye ni hazina ya ofisi. Waswahili wa mji huu, wa Mombasa, wa Bukavu, wa Tabora, walikuwa wakichukua namba na kumwomba Mungu waitwe kaunta ya nne.

Mwaka wake wa pili alifanya kosa. Alikuja jamaa mmoja wa Tabora, akasema bibi yake ni mgonjwa na anataka kumwandikisha. Saadia akaandika "mke". Kwetu Kenya mtu akisema "bibi yangu" tunamuuliza mlioana lini. Mwezi uliofuata yule jamaa akapokea barua ya serikali ikimtaka alete cheti cha ndoa yake na ajuza wa miaka themanini na sita. Yeye alicheka mpaka akakaa chini. Saadia hakucheka. Siku hiyo aliandika maneno mawili kwenye kikaratasi cha manjano, BIBI YUPI?, akakibandika kwenye ukingo wa kompyuta yake. Tangu hapo hakukosea tena, kwa kuwa kila akilisikia neno hilo alikuwa anauliza.

Mwaka huu kaunti ikatangaza kwamba kiti kile sasa kitakuwa cha kudumu. Nafasi moja tu, na atakayeipata ni yule atakayeshinda mtihani. Saadia akamuuliza msimamizi wake, Stacy, kama na yeye ni lazima aufanye, maana kazi yenyewe ndiyo hiyo anayoifanya. Stacy akamwambia sheria ni sheria, lakini asiwe na wasiwasi, mtihani unapima kazi. Nani angekuwa na wasiwasi?

Mtihani ulifanyiwa Woodbury, katika chumba kilichobanwa kati ya duka la magodoro na daktari wa meno. Saadia alibadilisha basi mara mbili kwenye theluji ili akapimwe kama anaweza kazi ambayo siku hiyo hiyo aliomba ruhusa asiifanye. Maswali arobaini kwenye kompyuta, na ili upite ni lazima upate asilimia themanini, yaani thelathini na mawili. Mengine yalikuwa ya Kiingereza na ya tabia njema. Mwenzako analia chooni, utafanya nini kwanza? Saadia alijibu kwamba atamuuliza kinachomliza. Jibu sahihi, tulikuja kujua, ni kusoma mwongozo wa wafanyakazi. Nadhani mwenzako anatakiwa aendelee kulia mpaka ufike ukurasa unaohusika.

Kisha likaja swali la thelathini na tatu, katika sehemu ya Kiswahili. Alinisimulia jioni ile dukani kwangu Frogtown, buti zake bado zinachuruzika maji.

"Wifi, sikiza. Client anasema, 'Bibi yangu amelazwa tangu jana.' Nani amelazwa? A, mke wake. B, mama wa mzazi wake. C, mwanamke anayemheshimu."

"Sasa hapo si yote sawa?"

"Ndiyo nakwambia! Nilikaa dakika nne nzima naitazama ile screen. Kazini ningemuuliza mwenyewe, bibi yupi? Pale n'tamuuliza nani? Hata pa kuandika hapana. Ni ku-click tu."

"Uka-click nini?"

"A. Wengi wa pale kwetu ni Wakenya, wakisema bibi ni mke. Nikapiga hesabu ya vichwa, basi."

Matokeo yakaja. Saadia alipata thelathini na moja. Jibu la swali la thelathini na tatu lilikuwa B. Kaka yangu, ambaye hana adabu hata siku ya msiba, alisema, "Bibi yangu kaangushwa na bibi." Saadia alimtupia mwiko.

Aliyeongoza anaitwa Timothy, Mmarekani wa hapa hapa, aliyewahi kukaa Iringa miaka miwili na kanisa lao wakichimba visima. Kule alilishwa na mama mwenye nyumba aliyekuwa mzee sana, na nyumba nzima ilimwita bibi. Alipoliona swali lile, nadhani hata hakusita. B. Alipata thelathini na tisa kati ya arobaini. Ni mtu mzuri na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na aliyetunga swali, ambaye naona hajawahi kuulizwa na mtu yeyote hali ya bibi yake.

Saadia akakata rufaa. Sheria inaruhusu kupinga swali moja tu, moja kamili, kwa sababu ukiruhusu watu wapinge mawili watazoea. Akalipinga hilo la bibi. Kamati ya watu watatu ikakaa. Kati yao hakuna aliyejua Kiswahili zaidi ya "jambo", kwa hiyo wakaiandikia ofisi ya wakalimani iwatafutie mtaalamu wa lugha. Ofisi ya wakalimani ikafungua orodha yake. Kwa Kiswahili lilikuwepo jina moja, na mnaweza kukisia ni la nani.

"Lubna, wameniandikia mimi," aliniambia kwenye simu, sauti yake haijui icheke au ilie. "Wanataka ni-explain neno bibi lina maana gani."

"Waambie ni mke!"

"N'tasemaje hivyo, nami najua si kweli?"

Akawaambia kwamba mtaalamu wanayemtafuta ndiye mlalamikaji. Wakamjibu kwa heshima kubwa kwamba hilo wanalijua, ila hawana mwingine, na tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Basi akaandika ukweli wote: ni mke, ni mama wa mzazi, ni mwanamke wa heshima, na anayejua ni msemaji peke yake. Mimi ningeandika vingine. Ndiyo maana mimi nauza buibui.

Jibu likatoka baada ya wiki tatu. Kamati ilikubaliana na mtaalamu kwa kauli moja. Swali lina utata, nalo limefutwa kwa watahiniwa wote. Saadia alipiga kelele za furaha hadi jirani akagonga ukuta. Halafu akasoma ukurasa wa pili. Swali likifutwa, maswali yanabaki thelathini na tisa. Saadia ana thelathini na moja. Hiyo ni asilimia sabini na tisa na nusu kasoro kidogo, na kaunti haisogezi namba juu ifike themanini. Alikuwa ameshinda rufaa na kushindwa mtihani kwa barua moja. Nilimkuta ameketi jikoni na koti lake bado mwilini. Nikalia mimi, yeye hakulia.

Juni mkataba ukaisha, na Julai hii haukuanza. Na kwa kuwa bima ya nyumba nzima ilikuwa imeshikwa na kibarua kile, ilibidi Saadia aende kuomba bima ya serikali. Nikamsindikiza. Akachukua namba kama watu wengine, akaketi kwenye viti vya plastiki ambavyo kwa miaka sita alikuwa anaviona kwa mbele. Kengele ikalia. Kaunta ya nne.

Timothy alikuwa ameajiriwa wiki mbili tu, na hakuwa amewahi kumwona. Aliuona mtandio, akalisoma jina, akainuka nusu kwa adabu safi ya Iringa.

"Shikamoo, bibi. Karibu sana. Nikusaidie nini?"

Saadia ana miaka arobaini na minne.

"Bibi yupi?" akamuuliza.

Timothy akaigeukia kompyuta yake. Alikuwa na thelathini na nane kati ya thelathini na tisa, lakini swali hili la Saadia hakulijua. Mimi nilitaka tumwache hivyo hivyo mpaka ofisi ifungwe. Lakini Saadia akasogea karibu na kioo, akamweleza taratibu maana ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile habari ya ajuza wa Tabora.

"Ukilisikia tu, uliza," alimaliza. "Usi-guess."

"Asante sana, nimejifunza," alisema Timothy, na akasema kwa moyo wake wote. Akachomoa kikaratasi cha manjano, akaandika maneno mawili, akakibandika kwenye ukingo wa kompyuta. Alama ya gundi ya kile cha kwanza ilikuwa bado ipo.