Beseni Langu la Wali Limemvua Mwanangu Skafu

Haya tumeandikiwa na msomaji wetu mmoja wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.

Bwana Mhariri, hodi ukurasani. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, mkulima wa mpunga huku upande wa Ipinda, nimeolewa kanisani na nina watoto watano. Nilisoma shule ya misheni nikaishia darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko nisahihishieni mpendavyo, ila hasira yangu msiiguse. Nimekasirika na nina haki.

Mwanangu wa pili, ambaye nitamwita Ambokile ingawa si jina lake, ana miaka kumi na minne na alikuwa skauti wa shule. Nasema alikuwa. Chini ya mwalimu wa zamani, mzee wa hapa hapa kwetu, uskauti ulikuwa neema. Vijana walifundishwa kuogelea, kufunga kamba, kuwavusha vikongwe mto unapofurika, na kila Jumamosi kikosi kizima kilikula kwa mama mmoja, zamu kwa zamu. Vijana kumi na wawili mkekani, beseni moja. Wakishiba wananiambia "ndaga, mama" kwa sauti moja, na shukrani hiyo ilinitosha. Sisi Wanyakyusa mtoto huingia nyumbani na rika lake, na mama hupika akihesabu vichwa ambavyo hakuvizaa. Anayejificha na sahani yake tunamwogopa, tunajiuliza ana nini moyoni.

Mwaka huu mzee akahamishwa. Akaletwa kijana aliyetoka mafunzoni mjini, kaptula imenyooshwa pasi hadi unaogopa kumgusa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja tukaugua. Alituita wazazi shuleni akatueleza utaratibu mpya: kula kwa akina mama kumekwisha. Kila kijana atawasha moto wake, atapika kwenye kopo lake, atakula chake, na atapewa alama ambazo Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa wilaya, atakuja kuzitazama. Eti kujitegemea. Mama mmoja akauliza, atakayeunguza chakula atakula nini? Akajibiwa kwamba njaa itamfundisha. Nyongo ilikuwa imeshanipanda.

Mwezi uliopita wakapiga kambi ya siku mbili kando ya mto. Siku ya pili mvua ikaanza alfajiri na haikukatika, na mvua za huku kwetu mnazisikia sifa zake. Nikawafikiria wale watoto, kuni zimelowa, kila mmoja ameinamia kopo lake. Hakuna aliyenituma. Nikapika wali, nikakaanga samaki wa mbasa, nikafunika beseni kwa jani la mgomba, nikajitwika nikaenda. Mwalimu alikuwa ametoka kwenda shuleni mara moja. Vijana walikula mpaka ukoko. Nikawaachia beseni walioshe, nikarudi nyumbani naimba. Laiti ningalirudi nalo.

Mwalimu aliporudi akaliona. Akawapanga mstari, akamuuliza kila mmoja kwa ahadi yake ya skauti kama amekula chakula cha nje. Kumi na mmoja wakakana mmoja baada ya mwingine, na mafuta ya samaki bado yako midomoni. Ilipofika zamu ya Ambokile akasema, "Nimekula, mwalimu. Mama yangu alileta." Hakumtaja mwingine hata mmoja. Mwalimu akamvua skafu palepale mbele ya wenzake na kumfukuza kikosini. Wale wengine wakapewa alama zao. Jamani, beseni la watu kumi na wawili, mtoto mmoja alilimaliza? Mwalimu gani huyo asiyejua hesabu?

Nilimfuata shuleni, wala sikumwamkia. Nikamwambia ahadi ya skauti ni kusema kweli, na aliyesema kweli ndiye pekee uliyemwadhibu. Akanijibu taratibu kabla sijamaliza:

"Mama, kweli ameisema na adhabu ameipata. Skafu itarudi siku utakaposimama mbele ya kikosi na kukiri kwamba uliharibu mafunzo."

Nikakiri! Nililisha watoto wenye njaa, halafu nikaombe radhi?

Mume wangu ni mzee wa kanisa na hapendi mashindano. Anasema mwalimu huyo ndiye atakayeandika barua ya Ambokile ya kwenda shule ya kati, na bila barua nzuri mtoto atabaki kuinga ndege mpungani. Ananiambia, "Mama Ambokile, meza maneno hayo, mtoto asome." Na wale akina mama ambao watoto wao nimewalisha miaka miwili, hata mmoja hajafungua mdomo. Sokoni wanapindua njia wakiniona.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini Jumapili iliyopita nilitenga chakula, na wawili kati ya wale waliokana wakaja kukaa mkekani kama zamani, bila haya. Ambokile akachota wali wake kwenye sahani, akapita mlango wa nyuma. Nikamkuta amechuchumaa migombani, anakula peke yake, amenipa mgongo. Nikamuuliza, mwanangu, umeanza lini tabia hii? Hakugeuka.

"Mama, nikila peke yangu hakuna wa kunikana."

Nililia pale pale, na huwa silii ovyo. Huyu ndiye mtoto waliyenirudishia, wao na kujitegemea kwao.

Sasa semeni nami, wasomaji. Niende nikawaambie watoto kumi na mmoja waliomkana mwanangu kwamba kulisha mwenzako ni kosa, ili yeye apate skafu yake na barua ya shule? Au nikatae, nimwangalie akikosa masomo kwa sababu ya beseni langu? Nishike lipi? Nishaurini nyote. Ila aliyewahi kunawa mikono kwangu, akala, na leo amenyamaza, huyo asihangaike kuniandikia.