Bandeji ya Mtu wa Bungoma

Nilipoteguka goti nikichezea timu ya Kitale, dresa wa hospitali ya misheni alilifunga bandeji akaniambia, "Wiki tatu usiguse mpira, kijana." Jumamosi tulikuwa tucheze na Bungoma, naye alikuwa mtu wa Bungoma.

"Si anakutoa ndio washinde," nahodha wetu alisema. "Fungua hiyo kitu, bana."

Nilisali, lakini shaka haikuniondoka. Jumamosi nilifika uwanjani tayari kuifungua. Ndipo nikamwona mfungaji wao hodari ameketi nyasini, goti lake limefungwa vivyo hivyo.

"Ni yule dresa?" nilimuuliza.

"Ndiye. Ati ameoa Kitale, anawasaidia nyinyi."

Niliketi kando yake, bandeji ikabaki. Namshukuru Mungu, goti hilo bado nalipiga kanisani kila Jumapili.