Sadaka ya Hendeli

Kabichi moja ikioza si habari. Mtu huziba pua akapita. Lakini lori zima la kabichi likioza uani kwenu, katika baridi ya mwezi wa saba, chini ya turubai lililolowa ukungu, harufu ile huhamia ndani. Huingia kwenye blanketi, kwenye debe la maharage, kwenye sare ya shule. Nilikuwa na miaka kumi, na wenzangu darasani walilihama dawati langu mmoja mmoja. Lori lilikuwa la baba. Giaboksi ilikuwa imevunjika asubuhi ile lilipokuwa likitoka uani na mzigo wake, vijana wakalisukuma kulirudisha, na tangu hapo baba kila alipoulizwa alijibu kwamba kesho linaondoka. Kabichi zilikuwa za majirani, na majirani walikuwa waungwana. Walisubiri hiyo kesho siku nane, kisha wakaja na matenga kimyakimya, wakachukua zilizobaki kwenda kulisha ng'ombe.

Kijiji chetu kiko juu, upande wa kwenda Rangwi, ambako ukungu wa asubuhi haukubali kuondoka mpaka saa nne. Miaka ile ya Ujamaa tulikuwa na duka la ushirika, shamba la pamoja, mwenyekiti mwenye filimbi, na gari moja tu, hilo la baba. Alilinunua likiwa kuukuu kwa mlowezi aliyefunga virago mara baada ya Uhuru. Juu ya kioo cha mbele mchoraji mmoja wa Mombo aliliandika HARAKA YA NINI, nadhani kwa dhihaka, maana kupandisha kutoka Mombo hadi Soni kulichukua nusu ya siku, na utingo alitembea nyuma yake kwa miguu akiwa amekumbatia gogo la kuwekea chini ya gurudumu. Lilishuka na kabichi, karoti na mapeasi. Lilipanda na chumvi, sabuni, mafuta ya taa, mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali, na mara nyingine marehemu anayerudishwa kuzikwa kwao. Baba hakumtoza marehemu nauli hata siku moja.

Mama hakulipenda lori lile, na alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia breki zilikatika kwenye kona za juu ya Mombo, baba akaliegemeza kwenye ukingo wa mlima ili lisiende bondeni. Saidi, utingo wake, alivunjika mtulinga, akarudi kwao Korogwe na hakutaka tena kusikia habari za milima. Baba alitoka na mchubuko wa paji la uso, akautania mwezi mzima. Tangu siku hiyo, kila baba alipokuwa safarini, mama hakutulia. Alichambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, akafagia ua uliofagiwa, akanituma kwa jirani kuazima kitu tulichokuwa nacho. Injini iliposikika kutoka kona ya chini alisimama mlangoni akisikiliza gia, ya pili, ya kwanza, kimya kidogo, ya kwanza tena, ndipo aliporudi jikoni kuinjika maji ya ugali. Nami niliambukizwa. Hata leo siwezi kukaa na kiti changu kikaelekea ukutani. Lazima nione njia.

Kwa hiyo giaboksi ilipovunjika, mama alimshukuru Mungu wazi, mbele ya baba. Alisema la kuvunda halina ubani, na kwamba sasa baba ashike jembe kama wanaume wengine. Baba akamjibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba kijiji kisicho na gari kitakula bila chumvi. Waliyarudia maneno hayo wiki tatu, asubuhi na jioni, kila mmoja akiwa na methali yake kama fimbo ya kutembelea. Zamani kidogo vipuri vilipatikana; sasa vilikuwa adimu kama mvua ya Januari, na fundi mmoja wa Tanga aliyekuwa na giaboksi iliyotumika alimwekea baba mpaka Jumatatu, isizidi. Ijumaa baba alimuuza fahali wetu wa pekee. Fedha akazifunga kwenye leso, leso akaitia mfuko wa ndani wa koti, na koti hilo hakulivua hata alipokuwa akila.

Sasa niseme langu, maana kisa hiki bila hilo ni uongo. Betri ya lori ilikuwa imekufa zamani, na injini iliwashwa kwa hendeli, ule mpini wa chuma uliopinda ambao huchomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu za mwili mzima. Baba aliificha darini, chini ya mahindi, kwa sababu vijana walipenda kuichezea. Mimi ndiye niliyekuwa nikipanda darini kuteremsha mahindi, hivyo nilijua. Jumamosi mama aliniuliza iko wapi, nikapanda nikamteremshia. Sikushurutishwa wala sikuhongwa. Nilikuwa nimechoka kusikiliza kona ya chini. Nilimtaka baba nyumbani, akae kama baba za wenzangu, anitengenezee mpini wa jembe langu dogo, agombane na kuku.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Kwa sisi Walutheri wa milimani siku hiyo haina mfano. Kila nyumba hupeleka mbele ya madhabahu ilichovuna: maharage, viazi, miwa, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu ambaye huwika katikati ya mahubiri. Mchungaji huviombea, kisha ibada ikiisha watu hutoka nje na vyote vikapigwa mnada, fedha ikawa ya kanisa. Ukishatoa huna tena sauti juu yake. Kama unakitaka chako, utakinunua kama watu wengine. Mwaka huo tulikuwa tukichangia mabati, kwa sababu paa la zamani lilivuja juu ya kwaya. Mama alipita mbele na kikapu kilichofunikwa khanga. Alikiweka kati ya malenge na akarudi upande wa wanawake akiwa ameinua kidevu. Baba, upande wa wanaume, alikuwa akiimba sauti ya nne kwa moyo wote.

Mnada uliendeshwa na mwinjilisti Samweli, mtu mcheshi aliyejua kumpandishia bei hata mjane bila kumkera. Aliuza malenge, akauza asali, akashika kikapu chetu na kufunua khanga. Akaiinua hendeli juu watu wote waione.

“Hii nayo imevunwa shamba gani?” akauliza.

Mama akasimama. “Ni sadaka yangu, mwinjilisti. Ndiyo iliyotulisha miaka yote. Nimemrudishia Mwenyewe.”

Watu waliguna, wengine wakacheka chini kwa chini, na wote wakamgeukia baba. Hakuna aliyekuwa hajui hendeli ile ni ya nini. Ninaona sasa alichokuwa amekipanga mama: kwamba baba ataona aibu kushindania kitu cha nyumbani kwake hadharani, atanyamaza, mtu yeyote atainunua kwa bei ya chuma chakavu, na yale mabishano ya wiki tatu yatakuwa yamekatwa na kanisa zima. Na huenda ingekuwa hivyo kama asingekuwapo Bwana Zakaria. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Lushoto mwenye lori jipya, rafiki wa baba wa kutaniana. Kwa utani tu alitaja bei, akaongeza kwamba atapata kitu cha kufukuzia mbwa. Baba akataja ya juu yake. Zakaria akapandisha, akicheka. Baba akapandisha, hacheki. Kina mama, ambao mawazo yao yalikuwa kwenye mabati, walianza vigelegele, na kila kigelegele kilimpandisha baba ngazi moja. Mwinjilisti aligeuza shingo huku na huku mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Hatimaye baba akatia mkono ndani ya koti, akatoa leso jinsi ilivyofungwa, akaiweka mezani.

“Imeisha,” akasema. “Tuendelee na kuku.”

Zakaria alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Nakumbuka alivua kofia. Mimi nilipiga makofi pamoja na watoto wenzangu, kwa sababu sikuwahi kuona watu wakimshangilia baba yangu namna ile, na nilipomtazama mama ili tushangilie wote nilimkuta ameketi chini kwenye majani, amefunika mdomo kwa khanga.

Tulirudi nyumbani kwa mstari. Baba mbele na hendeli begani kama mtu atokaye shambani, mama nyuma yake, mimi nyuma ya mama. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye miti ya miwati, karibu na kijito.

“Baba Naomi,” mama akasema, “giaboksi je?”

“Giaboksi iko mezani kwa mwinjilisti.”

Mama alisimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alidhani baba atanyamaza. Baba naye akasimama, bila kugeuka, akajibu kwamba yeye alidhani watu watamnyamazia, wasimpandishie bei. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini pale sikuona mwenye hasira. Niliona watu wawili wazima wasiojua waanze wapi kutembea. Mchungaji alikuja jioni, ameona haya, akapendekeza kwamba nusu irudishwe. Baba alimkaribisha chai, akamwambia kwamba sadaka hairudi, na wakaongea habari za mvua.

Mabati yalipigwa kabla ya vuli. Yalikuwa mazuri, yaking'aa hata ng'ambo ya bonde, na wenye ulimi walisema Mzee Elia, baba yangu, ametuwekea giaboksi yake juu ya vichwa. Yeye mwenyewe alicheka utani huo, vizuri tu. Lakini kila asubuhi kwa miezi miwili alichomeka hendeli, akaizungusha, na injini ikaitika; lori likanguruma na kutetemeka pale pale uani, likienda popote isipokuwa mbele, na baba akakaa nyuma ya usukani ameushika kwa mikono yote miwili. Dizeli ilipokwisha aliacha. Akaanza kutembea. Alikuwa akisema anakwenda kutazama mbegu, nasi tukasikia ameonekana Soni, amesimama tu kando ya barabara akitazama magari yakipita. Nyumbani alilima, ndiyo, na mistari yake ya maharage ilinyooka kuliko ya mtu yeyote. Jembe langu alilitia mpini. Kuku hakugombana nao. Nilikuwa nimemtaka baba nyumbani na nikampata, na kila siku alikaa pale kama mgeni ambaye mwenyeji wake amechelewa. Mama alikwisha kuacha kusikiliza kona ya chini. Sasa alimsikiliza yeye akizunguka nyumba.

Nikiwa muuguzi huko Tanga, mtu mzima mwenye watoto, niliwahi kumwambia baba kwamba mimi ndiye niliyeitoa hendeli darini. Alikuwa akichonga kijiti cha kutolea funza. Akasema, “Mwanangu, mama yako hakuwahi kupanda ngazi ile hata mara moja. Ningemdhania nani?” Kisha akaniuliza kama daraja la Soni limetengenezwa. Hilo ndilo lililokuwa swali lake kila nilipokwenda. Kabla ya habari za wajukuu, kabla sijaweka mfuko chini wala kumaliza shikamoo, alitaka barabara: wapi pana utelezi, kona ipi imemomonyoka, dereva alishusha gia wapi. Nami nilijifunza kusafiri nikiwa macho, nikikariri kona, ili nimpelekee. Wenzake kadhaa wa usukani waliishia bondeni, vijana bado. Yeye alikufa mzee, kitandani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Nikijiuliza kama tulimwokoa au tulimwiba, jibu hubadilika kila mwaka, nami nimeacha kulifukuzia.

Siku hizi ni lami tangu Mombo mpaka Lushoto. Malori ya mboga hushuka kwa msururu, mapya, breki nzima, na madereva wake wanaongea na simu. Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumwona mama, na safari ilikuwa nyepesi mno. Hata kona ile ya breki niliipita bila kujua mpaka tulipokuwa tumeiacha nyuma. Nilizikariri zilizobaki kama kawaida yangu, moja baada ya nyingine. Mama alinipokea mfuko, akaniuliza kama watoto hawajambo, akanikaribisha chai; habari za barabara hakuuliza.