Swali la Mzee kwa Kakakuona

Watu wa Nyamahanga huniita dokta ng'ombe akishakufa. Akianza kuugua hulishwa majani ya kila mti unaojulikana, hunyweshwa chumvi, hupakwa mafuta ya taa. Akishalala miguu juu ndipo pikipiki inatumwa kunifuata, nami hufika nikakuta ukoo mzima umezunguka mzoga, wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Kwa hiyo alasiri ile, mzee mmoja alipoingia uani kwangu na kikapu kilichofunikwa kitenge cheusi, nilijiandaa kuonyeshwa kuku aliyekwisha kukauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dokita. Nimekuletea mugeni."

Alifunua kitenge. Ndani mlikuwa na duara la magamba, rangi ya udongo wa kiangazi, limejifunga kabisa kiasi kwamba hukuweza kujua kichwa kiko wapi. Alikuwa kakakuona. Mimi ni mtu wa mifugo. Nimezaliwa Murusagamba, nimesomea ng'ombe na mbuzi chuoni, na kakakuona hakuwahi kutokea kwenye mtihani wowote niliofanya. Nilimkumbuka bibi yangu tu, ambaye siku alipomkuta mmoja migombani alipiga ishara ya msalaba, kisha akamtandikia kanga yake apite juu yake. Padre alikuwa amekwisha kutukataza mambo hayo. Bibi alisema padre hakuwepo migombani.

Mzee alikuwa ametega waya pembeni mwa shamba lake la mihogo, kwa ajili ya nguruwe pori. Waya ukamshika huyu mguu wa nyuma. Mzee alijua sheria, kwamba mnyama huyu ni wa serikali na anayekutwa naye bila maelezo analala ndani. Akaona serikali pekee anayoifahamu yenye dawa ni mimi.

"Mutibu," akasema. "Lakini kabla hamujamupeleka popote, nina swali langu kwake."

Nilijua anachosema. Kwa watu wengi wa huku, anayekutana na kakakuona hakukutana naye bure. Mnyama anawekewa mbele maji, unga na panga, naye anaachwa achague. Akienda kwenye maji, mvua itakuwa njema. Akienda kwenye unga, watu watakula. Akienda kwenye panga, watu wanaanza kuulizana kimya kimya kuna nini mpakani. Aliyemwokota ndiye mwenye haki ya kuuliza kwanza.

"Unataka kuuliza mvua?"

Akatikisa kichwa. "Mvua waulize wengine. Mimi nauliza mama yenu."

Mke wake alikuwa amepooza upande mmoja tangu mavuno ya maharage. Hospitali walimhudumia, kisha wakawarudisha nyumbani wakiwaambia waendelee kumnyoosha viungo na kumwombea. Hakuwa akisema tena. Mzee alitaka kujua kitu kimoja, kama atainuka au hatainuka. Angeweka maji, unga na jembe. Maji ni ahueni, unga ni kwamba atakula tena kwa mkono wake, na jembe ni udongo. Alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayeagiza dawa ya minyoo.

Nilimkatalia. Nilimwambia mnyama ameumia, amechoka, na si redio ya kufunguliwa itoe habari. Nilisema kwa ukali zaidi ya ilivyopasa, kwa sababu huruma ikinishika mimi huwa natoka na ukali. Mzee hakubishana. Aliketi kwenye kigogo akaniangalia nikifanya kazi.

Kakakuona hafunuliwi kwa nguvu. Nilimpakata, nikangoja, nikawa navuta pumzi polepole hadi mkono wangu ukaanza kufa ganzi. Hatimaye alijilegeza mwenyewe, kwanza mkia, kisha pua ndefu ikatoka kunusa shati langu. Niliosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikapaka iodini, nikamchoma sindano kwenye ngozi laini ya tumbo mahali ambapo hakuna magamba. Hapo ndipo kiganja changu kilipohisi kitu kikisukuma kutoka ndani. Nimetia mikono kwenye matumbo ya ng'ombe maisha yangu yote ya kazi, na mwendo ule siupotezi. Alikuwa na mimba, tena pevu.

Niliwapigia simu watu wa wanyamapori. Wakasema gari liko mbali na barabara imeharibika, nimtunze mpaka wafike. Nikampigia mwenzangu tuliyesoma naye, ambaye amewahi kufanya kazi na wanyama wa porini. Alinicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Aliniambia nisimpe maziwa wala mayai wala uji. Kakakuona hali chakula cha bakuli. Akishtuka anajikunja, akijikunja hali, na asipokula anakwisha mbele ya macho yako bila ugonjwa wowote wa kuuandika. Watu wenye mabanda mazuri na mishahara minono wamejaribu kuwafuga na kuwazalisha, na wengi wameishia kuwazika. "Mtoe nje atembee atafute mwenyewe," akasema. "Wewe fuata nyuma. Na kama atazaa mikononi mwako, usimguse mtoto, mama asije akamkataa."

Nilimweka kwenye banda la kutengea mbuzi wagonjwa, nikajaza udongo sakafuni apate pa kuchimba. Kila alasiri jua likipoa tulimtoa. Nasema tulimtoa, kwa kuwa mzee alirudi kesho yake bila kuitwa, jembe begani, na akawa anarudi kila siku. Yeye alitangulia kupasua vichuguu vilivyokuwa vigumu kwa mnyama mwenye mguu mbovu, mimi nikafuata nyuma. Kakakuona hutembea kwa miguu ya nyuma tu, mikono ameikunja kifuani kama mama aliyebeba sahani ya wageni asiimwage. Huyu alichechemea. Alifika kichuguuni, akaingiza ulimi kwenye ufa, na sisi wawili tukasimama kimya tukisikiliza mnyama akila mchwa. Sijui raha niliyoipata nilipousikia ule mlio mara ya kwanza niieleze vipi. Nilikuwa nimekwisha kumhesabu miongoni mwa wafu.

Mvua zilikuwa zimechelewa mwaka huo, na habari ya kakakuona haiwezi kufichwa huku Biharamulo. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akiwa na watu na ngoma. Alitaka mnyama apelekwe uwanja wa shule aulizwe mbele ya wananchi wote. Nikamwuliza kama na yeye angependa kuletwa uwanjani akiwa na uchungu wa kuzaa, watu wakimpigia ngoma. Watu walicheka, yeye hakucheka, lakini aliondoka. Tatizo ni kwamba ngoma ilikuwa imekwisha kupigwa. Kakakuona alijikunja jioni hiyo, na kesho yake hakutoka, na keshokutwa yake hakutoka. Nilikaa mlangoni mwa banda nikimwongelesha Kihangaza, lugha ya kwetu Murusagamba, ambayo huwa naiongea ninapoogopa.

Mzee aliketi nami. Hakuniuliza kama mnyama atakufa. Nilikuwa nikijua anachofikiri, na yeye alijua kuwa najua. Kama mnyama angekwisha kabla hajaulizwa, kwake lingekuwa ndilo jibu.

Asubuhi moja niliingia nikaona lile duara limepanuka kidogo. Katikati yake, kwenye joto la tumbo, kulikuwa na kitu cheupe cheupe chenye magamba laini kama kucha za mtoto mchanga. Kilikuwa kinanyonya. Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu mpaka nje, nikaketi chini nikalia. Sikulia hivyo hata mama yangu alipofariki. Siku ile nilikuwa na wageni wa kuhudumia.

Lakini furaha haikuwa imekamilika. Mama anayenyonyesha bila kula hawezi kufika mbali, na huyu bado hakutaka kutoka. Tulifungua mlango alasiri tukasogea mbali kabisa, nyuma ya mgomba. Tulisubiri hadi nikaona mbu wameanza kazi yao. Ndipo pua ikatokea mlangoni, kisha mwili, na juu ya shina la mkia, amelala kifudifudi na kushika kwa kucha zote, mtoto. Alipita mbele yetu akichechemea, akaenda moja kwa moja kwenye kichuguu ambacho mzee alikuwa amekipasua mchana.

Mzee alivua kofia. "Mama yenu naye alikuwa akienda shamba hivyo," akasema. "Mutoto mugongoni, hasimami mpaka mustari umekwisha." Kisha akageukia upande wa pili.

Tangu siku hiyo kakakuona alikula vizuri. Nilimtundika ndani ya mfuko kwenye mizani yangu ya kupimia maharage, mtoto akiwa bado amemng'ang'ania, nikaona uzito unapanda. Kidonda kilifunga. Mvua nayo ikanyesha yenyewe bila kuulizwa na mtu, na mwenyekiti akaanza kunisalimia tena. Kisha simu ikaja kuwa gari la wanyamapori lingefika kesho asubuhi, wawapeleke porini mama na mtoto.

Mzee alipofika alasiri nilimwambia.

"Basi wanakwenda," akasema. "Na mimi sijauliza."

Sikuwa na neno la kumkatalia tena. Mnyama alikuwa amepona. Mzee alikuwa amemtafutia kila kichuguu kwa jasho lake, hakulalamika, wala hakuleta hata jirani mmoja kuja kutazama. Nikamwambia aulize anavyotaka, mradi kimya kimya. Kumbe alikuwa amejiandaa. Alitoa kibuyu cha maji na unga wa mtama uliofungwa kwenye jani la mgomba. Akavitandika njiani, maji kulia, unga katikati. Kushoto akalaza jembe lake.

Kakakuona alitoka na mtoto wake mkiani. Alinusa hewa. Alipita maji bila kugeuza shingo. Aliupita unga. Akafika kwenye jembe akasimama, akaweka mikono yote miwili juu ya chuma, na ulimi wake ukaingia pale mpini unapokutana na jembe, akalamba, akalamba tena, akazunguka upande wa pili akaendelea.

Nililitazama lile jembe. Ndipo tu nilipoelewa. Jembe lile ndilo lililopasua vichuguu siku zote zile. Udongo wa mchwa ulikuwa umeganda kwenye kila ufa wake. Mnyama gani mwenye njaa angeliacha akaenda kwenye maji?

"Mzee," nikasema, "hilo si jibu. Ni mchwa. Amenusa mchwa kwenye jembe. Ungeleta jembe jipya angelipita kama alivyopita unga."

"Naona," akasema.

"Basi lisafishe tumwulize upya. Bado jua lipo."

Alimtazama kakakuona hadi alipomaliza kulamba na kuondoka kuelekea vichakani. Kisha akainama akaliokota jembe, asilifute.

"Dokita, wewe unasema jembe lina mchwa kwa sababu nimepasua nalo vichuguu. Ni kweli. Na kwa nini nilikuwa hapa kupasua vichuguu kila siku, na mama yenu amelala nyumbani, mukaza mwana ndiye anamulisha?"

Sikuwa nimewahi kumwuliza.

"Nilikuwa naogopa kukaa naye," akasema. "Ananitazama, hasemi. Nikaona bora nije kwa mugonjwa mwingine." Akaliweka jembe begani. "Kesho sitakuja kuwaaga. Nitakaa nyumbani."

Asubuhi gari lilikuja na wanyama wakaondoka, mama amejikunja juu ya mtoto ndani ya sanduku lenye udongo wa kwetu. Niliona aibu kwa jinsi nilivyowakumbuka. Banda nililiacha wazi siku nyingi kabla sijaweza kumfungia mbuzi humo.

Mzee sikumwona kwa muda. Siku moja nikipita na pikipiki nilimkuta ameketi uani kwake kwenye mkeka, kichwa cha mkewe kimelala mapajani mwake, anamlisha uji wa mtama kwa kijiko, anamfuta, anamlisha tena. Alikuwa anamsimulia kakakuona. Alifika pale mtoto alipotokea mkiani, na nadhani niliona upande mmoja wa uso wa yule mama ukijaribu kucheka. Mzee akanionyesha kwa macho niketi. Niliketi hadi uji ukaisha. Shamba lake la mihogo lilikuwa limeota magugu hadi kiunoni, na hakuna aliyemsema.

Mke wake alifariki mihogo hiyo ikiwa bado ardhini. Huku kwetu kaburi huchimbwa na majirani, nami nilikwenda na wenzangu. Majembe yalikuwa machache, na mtu akatoka ndani akanikabidhi la mzee. Lilikuwa limekaa pembeni ya mlango bila kushikwa tangu ile alasiri. Udongo wa kichuguu ulikuwa bado umeganda pale kwenye mpini.

Mzee alikuwa ameketi na waombolezaji, ananitazama. Wenzangu walikuwa wanangoja. Nilishika mpini juu kidogo ya pale mnyama alipolamba, nikainua, nikaanza kuchimba.