Darasa la Nyuma ya Pazia

Mwalimu Pazia, mdogo wangu wa tumbo moja, mtoto wa mshona viatu, mjukuu wa mchimba visima, alifundisha hesabu mpaka akaota mvi, kisha akastaafu na kufungua darasa kwenye simu. Mimi niliishia shule ya msingi, ila masikio yangu hayajastaafu: vyumba vyetu vinatenganishwa na ukuta wa mbao.

Alisoma kwamba Wayunani wa kale walikuwa na shule ambamo wageni waliketi nyuma ya pazia, miaka na miaka, wakimsikiliza mwalimu bila kumwona wala kufungua kinywa. Ikamkaa moyoni. Akaweka sharti: kwenye kundi lake la simu, mgeni asiulize chochote mwaka mzima. Asikie sauti tu.

"Watoto wa watu si magunia," nikamwambia.

"Dada, anayesema hasikii."

"Basi wewe ni kiziwi tangu tumboni."

Alicheka mpaka akakohoa.

Mwaka wa binti mmoja, fundi cherehani, ulipotimia, mwalimu alimwita kundini aulize swali lake la kwanza. Kimya. Na simu ilionyesha amesikiliza kila somo, hata la asubuhi ile. Akampigia. Akapokea mama mtu.

"Mwanangu tulimzika kabla ya mvua, mwalimu. Ninayesikiliza ni mimi. Alikuwa akishona huku unasema. Nikikuzima, chumba chake kinanishinda."

"Pole, mama. Hakuniambia anaumwa."

"Alikuwa na swali. Nikamwambia, si umuulize mwalimu wako? Akasema, bado sijaruhusiwa."

Tangu hapo mdogo wangu hakuwa mtu. Alikuwa akifundisha, anakatiza, anatega sikio. Alisema kuna mtu anavuta pumzi kwenye simu, anataka kusema. Mchana mweupe nikamsikia ukutani: "Uliza, mwanangu. Uliza." Nikachungulia. Simu ilikuwa imezimwa.

Akataka kulifunga darasa.

"Funga," nikasema, "umzike na swali lake."

Kesho yake alimpigia yule mama, kundi zima likisikia.

"Swali la binti yako unalijua?"

"Nalijua."

"Basi kuanzia leo mlango wa darasa hili ni wewe. Mgeni yeyote akiingia, muulize kwanza anataka kujua nini, uniletee, ndipo mimi nifungue kinywa. Anza na la mwanao, mama. Nakusikiliza."