Biti Zisizoungua Mwezi wa Ramadhani

Mimi si mwepesi wa kuamini. Nikinunua samaki namfunua mashavu, nikinunua nazi naitikisa sikioni, na mtu akinisifu nageuka nyuma kuangalia anamsifu nani. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba ningefaa kukaa forodhani nikapekue mizigo ya watu. Aliponiachia karakana ya kuchomelea vyuma pale Kerege, kando ya barabara ya Bagamoyo, tabia hiyo ilinifaa. Mjane mwenye moyo mweupe angekwisha zamani.

Kwa hiyo Ramadhani iliyopita, biti zilipoanza kuungua, sikusema ni bahati mbaya. Biti ni ule msumari uliosokotwa unaofungwa kwenye drili kutobolea chuma. Ikitunzwa, moja hutoboa mageti mengi kabla haijaomba kunolewa. Sasa zilikuwa hazimalizi hata geti moja. Ncha inageuka rangi ya buluu, inalia juu ya bamba kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu haikati tena. Na msimu ndio huo, kila mtu anataka Idd imkute na geti jipya.

Nilianza na duka. Nilipanda mpaka Bagamoyo mjini, kwa mzee mmoja wa Kiarabu ambaye ndiye aliyekuwa akimuuzia mume wangu vifaa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Swaumu inasemaje?"

"Swaumu njema. Biti zako ndizo mbaya."

Hakukasirika. Alivaa miwani, akaigeuza biti moja niliyomletea kwenye mwanga wa mlangoni, akaipitisha ukucha. "Wallahi, hii haikuuzwa mbovu. Imeunguzwa. Mtu ameizungusha kasi juu ya chuma bila kukandamiza, ikawa inasugua badala ya kukata. Nani anatoboa kwako?"

"Watu wangu."

"Basi kawaulize watu wako."

Nilitoka pale nimenuna. Muuzaji gani atakubali mzigo wake mbovu? Lakini njiani lile neno "watu wangu" likaanza kunitembea kichwani. Kikulacho ki nguoni mwako. Huenda mtu anachukua biti nzuri na kuniachia za bandia. Nilipofika nyumbani nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu, nyekundu, nikaipaka mikiani mwa biti zote, pale panapofungwa kwenye drili. Kesho yake jioni nikakusanya zilizoungua. Zote zilikuwa na wekundu wangu. Hakuna aliyeiba, na badala ya kufurahi nilihisi kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Mafundi wangu walikuwa wawili tu. Mmoja mtu mzima wa Vigwaza, aliyefanya kazi na mume wangu tangu karakana ni turubai na miti minne. Wa pili kijana wa Lugoba, mpole, mwenye kunyoosha kazi, ambaye mimi mwenyewe nilimwajiri. Huyo kijana ndiye aliyeleta posa ya binti yangu mwishoni mwa Shaabani. Shemeji zangu, ambao ndio wangeozesha, walisema neno ni langu, na mimi nikamwambia mshenga asubiri. Nilitaka mwezi mzima wa kumtazama. Binti yangu hakusema kitu, ila alikuwa akinitazama ninavyomtazama huyo kijana.

Siku moja baada ya Alasiri nilishika ufagio mwenyewe, na hapo ndipo sakafu iliponiambia. Chini ya meza ya yule mtu mzima palikuwa na unga, vumbi la chuma jepesi, jeusi. Chini ya meza ya kijana palikuwa na nyuzi ndefu za chuma zilizojisokota, safi, zinazong'aa. Duka moja, bamba moja, biti zilezile za kucha nyekundu. Za mtu mzima zinaungua, za kijana zinadumu.

Mume wangu alinifundisha kusoma taka za drili kabla hajanifundisha kushika drili. Nyuzi maana yake biti inakula chuma, unga maana yake chuma kinaila biti. "Chuma hakiui biti," alikuwa akisema, "mkono mlegevu ndio unaoiua." Uanze na alama ya nyundo ili ncha isiteleze, utie tone la mafuta, mwendo wa drili uwe wa polepole, kisha ulale juu yake kwa uzito wa mwili mpaka itokee upande wa pili. Ikipata moto iache ipoe yenyewe, usiichovye kwenye maji ikapasuka. Na ndiyo maana yeye mwezi wa Ramadhani matundu yote aliyatoboa asubuhi, daku ikiwa bado tumboni. Mchana ilikuwa kupaka rangi na kusugua kutu. Sisi safari hii, kwa wingi wa mageti, tulitoboa mpaka jioni. Hakuna anayefunga akawa na kifua cha kulalia drili saa tisa.

Hakuna anayefunga. Nilisimama na ufagio wangu, macho kwenye zile nyuzi za kijana, nikayasema maneno hayo tena polepole.

Huku kwetu anayekula mchana wa Ramadhani kwa kujificha tunamwita kobe, maana huchomoa kichwa akila, akisikia mtu anakirudisha. Watoto huwaimbia makobe njiani na watu wazima hucheka. Mimi sikucheka. Mtu anayemdanganya Mungu mchana kweupe, akakaa nasi jioni kwenye mkeka, akachukua tende na kusema bismillahi, mwanangu atamwambia ukweli gani?

Hata hivyo sikutaka kumhukumu bure. Nilichukua drili, nikaweka bamba, nikatia mafuta, nikalala juu yake kama nilivyofundishwa. Tundu la kwanza lilitoka na nyuzi nzuri. La pili mikono ilianza kutetemeka, na la tatu likatoa unga mtupu, macho yakaniingia giza. Yule mtu mzima aliniuliza, "Bibi, una nini leo?" Nikamwambia najaribu biti.

Kesho yake nilimwinda. Adhuhuri ilipoadhiniwa yule mtu mzima alikwenda msikitini, kijana akasema atamfuata. Hakumfuata. Alizunguka nyuma ya karakana, kwenye migomba, mahali tunapotupa mabati yaliyooza. Nikavua kandambili, nikaenda pekupeku.

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bakuli la muhogo wa kuchemsha mapajani, mkononi ana kidonge. Aliponiona, adabu ikamtangulia akili. Akasogea kidogo, akainua bakuli kunielekea, akasema, "Karibu, Mama."

Karibu! Ananikaribisha muhogo mchana wa Ramadhani! Naye alijisikia mwenyewe, uso ukamshuka, bakuli likabaki hewani. Nilijua ningecheka kama ingekuwa ni mtoto wa mtu mwingine, anayeposa kwa mtu mwingine.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mwezi uandame, Mama. Nina vidonda vya tumbo. Mwaka jana nilifunga, nikatapika damu. Daktari kanikataza. Fidya ya kutofunga naitoa kila siku, kibaba cha mchele, kwa bibi mmoja pale nyuma ya msikiti."

"Na ukaja kuposa kwangu bila kusema."

"Nilisema, Mama." Aliweka bakuli chini. "Nilimwambia binti yako kabla sijamtuma mshenga. Yeye ndiye aliyenambia nisikwambie wewe."

Nilirudi nyumbani na kandambili zangu mkononi, wala sikukumbuka kuzivaa. Binti yangu alikuwa uani anakuna nazi ya futari. Nikamwambia nimeona. Hakushtuka. Aliendelea kukuna mpaka kile kifuu kikaisha, ndipo akaondoka juu ya mbuzi na kujikung'uta.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," nikamwambia. "Ungeolewa na ugonjwa na mimi sijui?"

"Mimi najua. Ndiye ninayeolewa."

"Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo, Mama. Ningekwambia, ungemtaka alete cheti. Akileta cheti, ungekwenda kwa daktari. Daktari akisema kweli, ungesema wamepanga." Sauti yake haikupanda. "Mama, watu wote biti zikiungua ndio wanauliza. Wewe umekwenda kumchunguza yule ambaye zake zinadumu."

Iliniuma. Iliniuma kwa sababu alisema bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na nikafahamu kwamba hiyo ndiyo hali ya hewa aliyokulia. Mtoto huyu amejifunza tangu mdogo kitu gani cha kunionyesha na kitu gani cha kufunika. Nilimdhania mkimya.

Mshenga alikuja siku hiyohiyo baada ya Tarawehe. Sijui nani alimwita, na hilo nalo nalitilia shaka. Aliketi, akanywa kahawa, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya saruji, kisha akauliza kama nyumba hii sasa ina neno.

Nilikuwa na neno. Nilikuwa na swali, limekwisha pangika ulimini: hospitali gani? Daktari nani? Na huyo bibi wa nyuma ya msikiti, ni nyumba ya ngapi, maana mimi nyuma ya msikiti nawajua wote. Binti yangu alikuwa ameinama na birika, anamwongeza mgeni kahawa. Kahawa ilikoma kutiririka kabla kikombe hakijajaa. Hakuniangalia, alisubiri tu, bega limeinuka kidogo kama la mtu anayengoja kofi.

"Mwambieni tumekubali," nikasema.

Yule mtu mzima nilimrudisha kutoboa asubuhi mwezi uleule, na biti zikarudi kudumu. Kijana ni mkwe wangu, ananisalimu vizuri, na mwanangu anacheka zaidi nyumbani kwake kuliko alivyowahi kucheka kwangu. Nyuma ya msikiti napita kila siku nikienda sokoni. Naipita ile njia haraka, uso mbele, na bado sijageuza kichwa kumtafuta yule bibi wa fidya.