Kompyuta ya Dukani na Wasifu wa Baba

Kompyuta ya stesheneri yangu pale Kasulu ilikuwa imechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko yenyewe. Ukiiwasha asubuhi unafagia duka, unapanga karatasi, unakunywa chai, nayo bado inajivuta. Nikamwita fundi. Aliitazama, akaguna.

"Bosi, nikiiapdeti tu, virusi vyote vitabaki humohumo. Dawa ni kufuta yote na kupiga windo upya. Ila kila ulichoweka kitaondoka."

Kila nilichoweka kilikuwa palepale usoni pa kioo, maana hakuna aliyenifundisha kuhifadhi kwingine. Zaidi ni wasifu za marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi bila wasifu wake kusomwa, na msiba hausubiri. Basi nilikuwa nachukua wasifu wa marehemu wa juzi, nafuta jina, naweka jingine. Kule Kabanga mzee wa watu alisomewa makaburini kwamba alijifungua watoto saba, waombolezaji wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Nilikoma siku mbili, nikarudia.

Kilichonizuia kufuta ni wasifu wa baba. Nakala ya karatasi mchwa walishaimaliza, na faili lenyewe lilikuwa limeharibika: ukilifungua unaona visanduku vitupu. Fundi alisema tukiapdeti huenda siku moja likafunguka. Alisema hivyo kwa kunihurumia tu, nilimwona usoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu imevimba, ametoka Nyakitonto kuja kliniki. Nikamweleza shida yangu.

"Futa," akasema. "Mimi si nipo? Utaandika upya."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Fundi akafuta, akapiga windo, akaenda zake. Kompyuta ikawaka nyeupe, tupu, na badala ya kufurahi nikajisikia vibaya. Nikafungua ukurasa, mama akaanza kusimulia taratibu: alikozaliwa baba huko Burundi, shamba lao, ndoa yao. Tulipofika kwenye watoto sikumuuliza, vidole vilishazoea. Niliandika: ameacha watoto watano.

"Umeandika wangapi?"

"Watano, mama."

"Sita, mwana wanje, mwanangu. Siku ile ya msiba uliandika aliowaacha. Sasa andika aliowazaa."

Nikadhani uzee umemchanganya. Maisha yangu yote nimeitwa kifungua mimba, nimekula vya kifungua mimba, nimebeba mizigo ya kifungua mimba.

"Miaka ile ya sabini, tunavuka mpaka kukimbia mauaji," akasema, "nilikuwa na kichanga mgongoni. Tulifika Munanila, upande huu, hapumui. Baba yako aliazima jembe kwa watu tusiowajua."

Nikamuuliza jina lake.

"Alikuwa hajapewa. Andika mtoto wa kwanza. Wewe ujiandike wa pili."